Kitambaa Hakiulizwi

Hapo zamani, wala si ile zamani ya sungura kusema na fisi kuoa, ni hii ya juzi tu kabla pikipiki hazijafika huku Unyamwezini kwetu, palikuwa na kijiji kiitwacho Itobela. Sogeeni karibu. Hadithi hii haichekeshi, kwa hiyo aliyekuja kucheka aende akalale.

Itobela ilikuwa nchi ya mchanga. Mchanga mlangoni, mchanga kwenye ugali, mchanga njia nzima mpaka zahanati, na zahanati ilikuwa mbali, ng'ambo ya mto. Watu walikuwa na baiskeli, lakini baiskeli zenyewe zilitia huruma: hii haina breki, hii haina tandiko, ile mnyororo wake umeungwa kwa waya. Basi wakasema, kidole kimoja hakivunji chawa, tujenge karakana ya wote. Wakajenga. Anayejua kukaza spoki akakaza spoki, mwenye gundi akaleta gundi, mwenye mpira chakavu akaukata viraka. Mshahara haukuwapo. Mwenyekiti hakuwapo. Ufunguo wa karakana ulizunguka, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Na neno lolote halikupita mpaka kila mkono uinuke. Mkono mmoja ukibaki chini, neno limekufa.

Penye wengi hapaharibiki neno, ndivyo mlivyofundishwa. Haya, ngojeni.

Alikuwapo mkulima wa tumbaku jina lake Shigela, mtu wa mzaha na ulimi mtamu. Siku moja Shigela alifika karakana akaomba baiskeli ambayo breki zake zilikuwa bado. Akakataliwa. Akabembeleza. Akakataliwa. Akataniana na mafundi, akawaapia kwa mama yake, akawachekesha mpaka wakampa. Mteremko wa kwanza tu, akaukumbatia mti, na meno ya mbele yakabaki pale pale. Yeye aliona aibu, mafundi wakaona aibu zaidi. Wakaitana kikao.

Kalunde akasimama. Huyu Kalunde alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache na makali. Akasema, "Tatizo letu si breki. Tatizo letu ni huruma. Mtu akilia, tunampa. Mimi nitatoa vitambaa vyekundu. Fundi akiona baiskeli ina hatari, aifunge kitambaa kwenye usukani. Aliyefunga ndiye afungue, mwingine asiguse. Na kitambaa hakiulizwi. Tukianza kuuliza kwa nini kimefungwa tutabishana, na tukibishana, mwenye ulimi mtamu atashinda."

Mtu mmoja kule nyuma akauliza, "Na kama ni mgonjwa?"

"Ukimwachia mbuzi upenyo wa kichwa, na tumbo litapita," Kalunde akajibu.

Mikono ikainuka yote. Wa Shigela uliinuka wa kwanza, naye akicheka na pengo lake. Na msije mkasema walikuwa wajinga, kwa maana sheria ile ilifanya kazi. Miaka ilipita, hakuna aliyeanguka, hakuna aliyevunjika. Akina mama walipeleka watoto kliniki, wagonjwa walifika zahanati wakiwa hai. Kitambaa kikiwa kwenye usukani, watu walikipita kimya kimya kama wapitavyo makaburini.

Ikaja baiskeli moja kubwa kuliko zote. Waliiita Ng'ombe. Keria yake ilikuwa ya chuma kizito, imeundwa kubeba marobota ya tumbaku, na mgonjwa aliweza kukaa juu yake akaegemea mgongo wa mwendeshaji. Ng'ombe ndiyo iliyokuwa gari la wagonjwa la Itobela.

Sasa Mihayo. Mihayo alikuwa fundi mwangalifu, mtu wa kuchemsha maji yaliyokwisha kuchemshwa. Siku hiyo aliitoa Ng'ombe nje akaisukuma penye ardhi ngumu nyuma ya karakana, akasikia kitu kinagonga mbele, kwenye uma, kile chuma kinachoshika gurudumu. Akainama akatazama. Hakuona ufa. Akasukuma tena, kikagonga tena. Mihayo hakubishana na masikio yake. Akachukua kitambaa chekundu akakifunga kwenye usukani, akisema moyoni kesho nitaufungua uma niutazame ndani. Hajamaliza kunawa mikono, akaja mjumbe: baba yake mdogo amefariki, kijiji cha pili. Mihayo akaondoka. Hakumwambia mtu habari ya ule mgongano. Amwambie nani, na kitambaa hakiulizwi?

Kesho yake asubuhi, Mbuke mke wa Shigela akashikwa na uchungu. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, na mkunga wa kijiji alipomshika tumbo uso wake ukabadilika. Akasema, "Mtoto amekaa vibaya. Mpelekeni zahanati, na msikawie."

Shigela akakimbia karakana. Wiki hiyo ufunguo ulikuwa kwa Nyanzobe. Nyanzobe na Mbuke walikuwa mashoga wa tangu utotoni, na Nyanzobe ndiye aliyekuwa akimsuka Mbuke nywele kila Jumapili. Baiskeli nyingine zilikuwa zimekwenda na tumbaku mnadani, na zilizobaki zilikuwa gurudumu upande huu, fremu upande ule. Nzima ilikuwa Ng'ombe peke yake, na kwenye usukani wake palikuwa na kitambaa.

Shigela akasema, "Shemeji, nipe Ng'ombe."

Nyanzobe akasema, "Imefungwa, shemeji. Si mimi niliyefunga."

"Mbuke anakufa."

"Nimesikia. Nimemtuma mtu amfuate Mihayo. Yeye akifungua, naisukuma mwenyewe mpaka mlangoni kwako."

"Na asipofika?"

Nyanzobe alikaa kizingitini akawa analia, lakini hakutoka mlangoni. Shigela akaomba, Nyanzobe akakataa. Shigela akapiga magoti, Nyanzobe akakataa. Huku jua linapanda, na kule nyumbani Mbuke anauma kanga.

Najua mnataka kuniuliza, kwa nini hawakumbeba kwa machela kama wazee wao. Machela haikuwapo. Miti yake waliifanya nguzo za karakana siku ile ya kujenga, wakasema hatutaihitaji tena. Na wanaume wa kubeba walikuwa mnadani.

Jua lilipofika utosini akatokea Lugwisha. Huyu naye alikuwa fundi wa karakana, kijana mwenye nguvu na pupa, asiyependa vikao. Akauliza, akaambiwa. Akamwendea Nyanzobe mlangoni.

"Dada, pisha."

"Lugwisha, mkono wako uliinuka siku ile."

"Uliinuka. Leo nimeushusha."

Akamshika mabega akamweka kando, akakikata kitambaa kwa meno. Nyanzobe akamwambia, "Basi walau itazame kwanza." Lugwisha akatazama. Breki zinashika. Mnyororo mzima. Magurudumu yanazunguka bila kuyumba. Angeisukuma hatua chache juu ya ardhi ngumu angesikia kinachogonga, lakini pale uani ni mchanga mtupu, na muda hakuwa nao. Akaondoka.

Mbuke akapandishwa kwenye keria. Shigela akawa anakimbia nyuma, ameshika mgongo wa mkewe. Walikwenda vizuri, na Mbuke alisema jambo moja tu, kwamba upepo unamsaidia. Walipoanza kuteremka kuelekea mtoni, uma ukakatika. Ng'ombe ikapiga pua chini, Lugwisha akaruka upande mmoja, Mbuke akaangukia ubavu.

Lugwisha aliinuka, mfupa wa mtulinga umevunjika. Akamchukua Mbuke mgongoni hivyo hivyo, akavuka naye mto, akampandisha kilima cha mchanga, wala hakumpa Shigela ampokee mpaka mlango wa zahanati. Mtoto akazaliwa, wa kike, akilia kwa nguvu. Mbuke akauliza ni wa kike au wa kiume. Akaambiwa. Akasema, "Vizuri." Jua lilipotua hakuwa nasi tena. Kila nikifika hapa moyo unaniuma, na sijui kwa nini bado naisimulia.

Muuguzi alikuwa mtu mkweli. Alimwambia Shigela, "Baba, kuchelewa peke yake kusingemuua. Kuanguka peke yake kusingemuua. Vilikutana."

Mihayo alirudi usiku huo akakuta msiba. Alipoambiwa yaliyotokea aliketi chini, akasema, "Laiti mngeniuliza tangu jana. Ningewaambia uma unagonga. Mngempakia, mngeisukuma taratibu, na mtoni mngemshusha."

Matanga yalipokwisha, Shigela akaenda karakana na mtoto mgongoni, amemfunga kwa kanga ya mama yake. Shigela hakuwa na mzaha tena.

Akasema, "Huyu atakua. Ataniuliza mama yangu alikufaje, na mimi sitamwambia alikufa kwa vilikutana. Nipeni jina moja. Huyo atoke karakana, wala mtoto wangu asimwamkie maisha yake yote. Wengine nitamfundisha awaite baba, awaite mama, na moyo wangu nitausafisha. Msiponipa jina moja, nitampa yote. Atakua katikati yenu akiwachukia nyote. Nangoja nje."

Akatoka.

Mihayo akasema, "Mimi nilifunga. Kufunga ni kosa? Nisingefunga, uma ungekatika siku yoyote ile na mgonjwa yeyote yule. Sikusema sababu kwa kuwa tulikubaliana sababu zisisemwe."

Nyanzobe akasema, "Mimi nilikataa. Na uma ulikatika au haukukatika? Nilikataa kumpakia shoga yangu juu ya kifo. Mnadhani ilikuwa rahisi?"

Lugwisha akasema, mkono wake ukiwa umefungwa kifuani, "Mimi nilifungua. Mlimwacha kutoka asubuhi mpaka adhuhuri. Ningekaa nami nikatazama kitambaa, tungezika wawili. Mtoto anayelia hapo nje analia kwa sababu yangu. Na mama yake ameanguka mikononi mwangu, hilo nalo ni langu."

Kalunde akasema, "Mimi nilitunga. Lakini sikutunga peke yangu. Shigela mwenyewe aliinua mkono wa kwanza, na meno yaliyotufikisha huko yalikuwa yake. Mbona jina lake halimo?"

Basi wakapiga kura kama desturi yao. Likatajwa jina la Mihayo. Mikono ikainuka, wa Mihayo ukabaki chini. Neno likafa.

Likatajwa jina la Nyanzobe. Mikono ikainuka, lakini wa Nyanzobe ukabaki chini, akisema, "Mkinitaja mimi, kesho nani atalinda mlango?" Neno likafa.

Likatajwa jina la Lugwisha. Lugwisha mwenyewe aliinua mkono wake mzima, juu kabisa, akaukaza. Safari hii ni Nyanzobe aliyekataa. "Aliyembeba Mbuke mgongoni na mfupa umevunjika, mimi simtaji." Neno likafa.

Likatajwa jina la Kalunde. Kalunde naye akainua mkono wake, amechoka, akitaka yaishe. Mihayo akakataa. "Tukimtoa huyu kwa sheria tuliyoipitisha sote, tunamtoa kwa niaba yetu. Huo ni uongo, na mtoto atautambua akikua."

Mmoja akanong'ona litajwe basi jina la Shigela. Hapo hakuna mkono ulioinuka hata mmoja. Nani angetoka nje akamwambia?

Huko kijijini watu walikwisha kutoa hukumu zao. Waliopenda sheria walisema Lugwisha ni muuaji. Waliochukia sheria walisema Nyanzobe ni muuaji. Walionunua baiskeli mpya kwa fedha za mnada walisema msiba wa kujitakia hauna kilio, wakafunga milango yao. Kikao kikavunjika bila jina, na nguzo za karakana zikaanza kuliwa na mchwa, kwa kuwa hakuna aliyetaka kushika spana mle ndani kabla jambo halijakatwa. Wagonjwa wakarudi kutembea kwa miguu, na si wote walifika.

Mimi mwenyewe nimeisimulia mahali pengi, na kila mahali watu wanakosana. Mume na mke waliwahi kunirudishia hadithi asubuhi wakiwa hawasemeshani. Siwezi kuikata. Kila nikimshika mmoja, namwona mwenzake nyuma yake.

Kwa hiyo leo ingieni ninyi kwenye kikao kile. Ketini kwenye benchi la mafundi, na kumbukeni desturi yao: jina halipiti mpaka kila mkono uinuke, na wa mtajwa pia. Mihayo aliyefunga akanyamaza, Nyanzobe aliyekataa akilia, Lugwisha aliyefungua bila kusikiliza chuma, Kalunde aliyeziba upenyo wa mgonjwa, na Shigela mwenyewe aliyetangulia kuinua mkono. Shigela yuko mlangoni, mtoto ameamka na anataka kunyonya, na wa kumnyonyesha hayupo.

Je, mtatoka mmwambie jina la nani?