Mdiria Ukutani mwa Jumbe

Paukwa!

Pakawa!

Loo, mnaitika kama mliokosa uji! Paukwa!

Pakawa!

Haya. Zamani za kale, zamani hasa, palikuwa na kijiji mlimani, kwenye baridi isiyo na adabu. Mila yao ilikuwa hii: hakuna kutia jembe shambani mpaka mdiria, yule ndege mvuvi wa samaki, achimbe tundu la kutagia ukingoni mwa bwawa.

Mwaka mmoja kipupwe kikaja na wazimu. Bwawa likaganda! Ndege wakajirusha kuvua. Pwaa! Barafu. Pwaa! Barafu. Wakafa njaa, maskini, wakabaki wawili tu, jike na dume, wamejikunyata. Nguvu za kuchimba hawana.

Maghala nayo yakabaki matupu. Watoto wakalia. Watu wakamwendea Jumbe Ambilikile.

"Jumbe, turuhusu tupande! Tutakufa!"

"Mila ni mila," akasema Jumbe, anaota moto mkubwa kuliko yote kijijini. "Waimbieni ndege wachimbe."

Wakaimba. Wakapiga ngoma. Ndege wakapiga chafya.

Bibi Tusekile, kikongwe wa kijiji, akabeba mchi wake mpaka bwawani. Twa! Twa! Akaitwanga barafu.

"Bibi, unatwanga maji?" wakamcheka.

"Nyie mnamwimbia mwenye njaa! Mpeni samaki kwanza."

Barafu ikapasuka. Ndege wakazama, chubwi! Wakaibuka na samaki. Kila asubuhi twa! twa! chubwi! Wakanenepa. Mashamba yakalainika, lakini ukingo, ulio kivulini, ulikuwa bado mgumu kama jiwe. Wakatafuta udongo laini, wenye joto. Wakauona. Ukuta wa Jumbe!

Kwo kwo kwo! Vumbi likaangukia uji wake. Jumbe akashika fimbo. Bibi akasimama mlangoni.

"Mila ni mila, mwanangu. Mdiria amechimba. Tunapanda."

Watu wakakimbilia majembe. Wakapanda, wakavuna, wakashiba. Ndege nao wakataga, wakaangua. Nyumba ikanuka samaki, we! Jumbe akahamia zizini kwa mbuzi. Makinda walipoanza kuruka, akabeba mkeka wake kurudi. Kumbe wametaga tena!

"Bibi, hawa wataacha lini?"

"Ukingo ukijaa ndege tena, mwanangu. Uliwaacha wakabaki wawili."

Kipupwe kilichofuata, nani alikuwa wa kwanza bwawani na mchi? Jumbe! Twa! Twa! Kabla hata ya kunywa uji.

Basi, wanangu, unayemtegemea mlishe kwanza, ndipo umdai kazi. Hadithi yangu inakomea hapo. Mwenye swali akawaulize mbuzi wa Jumbe.