Hati ya Sultani Badi na Kikoi cha Babu Yake

Hapo zamani, mji wa Ungamo ulikuwa na sultani aliyeitwa Badi, mtu mwenye kila kitu na mwenye kumwogopa kila mtu. Kila sikukuu alikuwa na mchezo wake mmoja. Alitoa sandukuni vitu vinne vya babu yake, mkeka, kikombe cha bati, viatu vya mti na kikoi kilichotoboka, akavipanga barazani, kisha akanena kwa kujitutumua, "Babu yangu alitoka ng'ambo akaingia mji huu na hivi tu. Tazameni tulipofika." Watu wakatazama, wakapiga makofi, wakaenda zao.

Habari ya bibi yake haikusemwa. Maana ada ya Ungamo ni kwamba nyumba huwa ya binti, na mume ndiye huhamia kwa mke. Na kasri alimokaa Sultani pamoja na minazi yote iliyolizunguka lilikuwa la bibi huyo, Mwana Mize, kabla mgeni mwenye kikoi kilichotoboka hajaja kupiga hodi na kulifanya lake. Mji mzima ulilijua hilo, na mji mzima ulikuwa na shingo za kuchunga.

Basi Sultani Badi alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, jina lake Mwana Zena. Naye akapendana na Behramu, mtia rangi nguo kutoka ng'ambo, kijana mpole aliyekuja na sufuria moja na gunia la nili, mikono yake buluu hata viwikoni. Sultani hakuweza kuikataa posa, kwa kuwa alimwapia mkewe alipokuwa akikata roho kwamba binti atajichagulia mwenyewe. Lakini raha ikamtoka. Akila, humwona Behramu akila minazi yake. Akilala, humwona akiondoka na milango. Akaamuru iandikwe hati kabla ya nikahi, ya kulinda mali ya ukoo, nayo isiwe na upenyo hata wa sisimizi. Hati ya namna hiyo isipopatikana, akasema, kiapo hakimfungi tena: ndoa hakuna, na binti ataolewa na waziri, mzee asiye na jino.

Waandishi watano wakaandika, na hati tano zikachanwa. Ikawa wa sita akajifanya mgonjwa. Ndipo Sultani, kwa hasira, akaagiza aletwe Mbaruku, mshona mikeka, fukara ambaye mji ulimhesabu kuwa punguani kwa kuwa alifanya kila aliloambiwa vilevile alivyoambiwa. Mbaruku alijua kuandika kidogo. Tena alimpenda Mwana Zena kama mwanawe wa kumzaa, kwani tangu utotoni binti huyo hakupitisha Ijumaa bila kumpelekea sahani ya wali. Alipoisikia habari ya waziri, moyo ulimuuma, akachukua kalamu akaenda.

Akauliza, "Bwana wangu, niandike Behramu haruhusiwi kuchukua kitu?"

"Mpumbavu wewe," akanena Sultani. "Akibadili jina, je? Usitaje jina. Andika: mgeni yeyote wa ng'ambo aliyeoa au atakayeoa katika nyumba hii hana chake ila alivyoingia navyo."

Mbaruku akaandika. Kisha akauliza habari ya watoto, na Sultani akasema waandikwe pia, wana wa kiume na wana wao, hata kizazi cha saba, asije mjukuu mmoja akadai kiti. Mbaruku akauliza habari ya mabinti. Sultani akacheka kwa dharau, akasema binti atabeba nini na wapi, wasipotezewe wino.

Hapo Mbaruku aliinamia karatasi yake, maana uso wake ulitaka kumsaliti. Tangu alipoambiwa asitaje jina alikwisha kumwona mgeni mwingine, na mgeni huyo hakuwa na mikono ya buluu. Akauliza la mwisho: je, walinzi waitekeleze lini?

"Mara tu nitakapoipiga muhuri," akajibu Sultani. "Na kwa kuwa najua Zena atakuja kulia mbele yangu, andika hivi: hata Sultani mwenyewe akisema acheni, wasiache. Atakayeacha akatwe masikio."

Mbaruku akaandika, hakuongeza hata nukta. Ijumaa baada ya sala hati ikasomwa mbele ya watu, Sultani akaisikiliza kwa furaha, hakuona upenyo, akaipiga muhuri kwa mkono wake. Mbaruku akaichukua, akaenda nayo mbio kwa walinzi wa kasri, akawasomea polepole, akawauliza kama wanayapenda masikio yao. Wakasema wanayapenda sana.

Basi Sultani aliporudi nyumbani na njaa yake, alikuta mikuki imepishana mlangoni. Chini, juani, umetandikwa mkeka wa babu yake, na juu yake kikombe, viatu vya mti na kikoi. Akauliza huu ni mzaha gani. Mkuu wa walinzi akajibu kwa adabu kwamba bwana wao ni mwana wa kiume wa mwana wa kiume wa mgeni wa ng'ambo aliyeoa katika nyumba hii, na kwamba joho alilovaa halikuwamo katika vitu vilivyoingia. Wakamvua joho. Wakamvua kilemba. Sultani akaamuru waache, na kila alipoamuru waache walizidisha bidii. Ikawa mtawala wa Ungamo amesimama mbele ya raia zake na kikoi kilichotoboka, tena kimetoboka mahali pabaya, na safari hii watu walipiga makofi bila kulazimishwa.

Akamtafuta Mbaruku kwa macho. Mbaruku akasema kwa unyenyekevu, "Bwana wangu, mimi nimeandika tu. Mabinti hawakutajwa, kwa hiyo mwenye nyumba yumo ndani; labda tumwite."

Mwana Zena akatoka. Alipomwona baba yake hakucheka, maana alikuwa na uchungu naye. Akamwambia, "Baba, ulimwogopa Behramu kwa sababu unajua babu yako alifanya nini. Yeye hajafanya kitu." Kisha akaiondoa mikuki kwa mkono wake. "Ingia ule. Mgeni hanyimwi chakula kwangu."

Sultani akaingia ameinamisha kichwa. Behramu akamtandikia ule mkeka, akaketi naye, wakala sahani moja. Baada ya kula ile hati ikachanwa, ikaandikwa nyingine ya mistari miwili: nyumba na minazi ni vya Mwana Zena na binti zake, wala baba wala mume hana ruhusa ya kuuza. Behramu akaisoma, akasema ndivyo ilivyo hata kwao, akaweka dole gumba lake la buluu. Sultani aliugulia kidogo, akapiga muhuri. Mbaruku alipoulizwa atakacho akaomba ule mkeka, kwa kuwa ulikuwa umefumuka pembeni na jambo hilo lilimkera miaka mingi.

Sikukuu iliyofuata, vitu vya sandukuni alivitoa Mwana Zena. Alionesha kikombe, viatu na kikoi, kisha akainua cha nne ambacho hakuna aliyekiona tangu zamani, ufunguo wa Mwana Mize, akasema, "Na mwenye ufunguo huu ndiye aliyemfungulia mgeni mlango." Watu wakamtazama Sultani wajue la kufanya. Badi akasimama, akaanza yeye kupiga makofi.

Hekaya yangu imefika mlangoni. Ufunguo anao mwenyewe.