Simtaji Jina

Ndugu zangu, leo nitawapa habari ya msusi mmoja. Msihangaike kumtafuta, hakai mtaa wenu.

Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye kioo kikubwa, na mikono yake ilikuwa na sifa. Akikusuka rasta, ngozi ya kichwa haikuvuti hata ukikunja uso. Akikusuka twende kilioni, ule msuko wa haraka haraka, unafika msibani umetulia kana kwamba ulianza kusukwa alfajiri. Sasa, kusukwa ni kazi ya kukaa, na mtu aliyekaa husema. Ataanza na bei ya mchele, atapita kwa mawifi, na msusi anapofika kisogoni, mahali ambapo hawatazamani tena usoni, ndipo atakapolitoa lile alilokuja nalo moyoni.

Siku moja alikaa pale mama mwenye duka la vyombo. Katikati ya kusukwa akaomba kutoka nje kidogo. Baadaye akaomba tena.

"Shoga, kiti changu kina miba?" msusi akamtania.

Yule mama alianza kucheka, halafu akajizuia, mkono tumboni. Msusi alipofika kisogoni, mama akasema kwa sauti ya chini, "Tangu nimzae huyu wa mwisho, nikicheka au nikikohoa mkojo unaniponyoka. Lakini naenda hospitali. Kuna dada pale wa fiziotherapia, ananifundisha mazoezi ya kukaza misuli ya ndani. Naona inaitika. Ila haya ni ya mimi na wewe."

"Ya mimi na wewe," akajibu msusi. Na alimaanisha.

Hapo naomba mumwelewe. Hakuwa mtu mbaya. Sokoni hakusema, na saluni hakusema. Siri ile aliitunza vizuri mpaka siku ya sala ya jumuiya, walipokusanyika sebuleni kwa mwenzao, wimbo ukaisha, na kiongozi akauliza nani ana ombi. Mmoja aliomba mvua. Mwingine alimwombea mtoto mwenye mtihani. Msusi akafumba macho, huruma ikamjaa, akasema:

"Tumwombee dada yetu mmoja. Simtaji jina. Ni yule wa vyombo, pale kona. Mkojo unamsumbua tangu ajifungue, anakwenda fiziotherapia. Bwana amsaidie."

Wote wakaitikia, "Ee Bwana, utusikie." Bwana alisikia. Na sebule nzima ilisikia.

Wiki ile watu walinunua sufuria huku macho yao yakishuka kwenye kanga ya muuzaji. Mmoja alichukua ndoo, akalipa, akamshika mkono: "Pole, mpendwa. Tunakuombea." Mama hakuuliza anaombewa nini. Aliacha kwenda saluni. Akaacha hata kwenda hospitali, kwa sababu njia ya kule inapita mbele ya milango ya hao hao wanaomwombea. Msusi aliona tu mteja amepotea, akadhani amepata wa bei nafuu.

Haukupita muda mrefu, bega la kulia la msusi likaanza kuuma. Kwanza liliuma akililalia. Kisha akashindwa kufunga gauni mgongoni. Hospitalini daktari alimtazama, akamwelekeza fiziotherapia.

"Nenda mapema," alimwambia. "Bega likizoea kutonyanyuka, kulirudisha kunachukua muda mrefu."

Msusi alikwenda, tena siku ile ile. Alifika mpaka kwenye korido. Akaona mlango, na nje ya mlango benchi, na kwenye benchi wanawake wawili anaowajua kwa sura. Mara akasikia kichwani mwake, kama redio: "Tumwombee dada yetu mmoja. Simtaji jina. Ni yule msusi, mkono umekufa." Na nani atampelekea kichwa chake msusi mwenye mkono uliokufa? Akageuka. Aliuliza njia ya maabara, ambako hakuwa na shida yoyote, kisha akarudi nyumbani.

Akaanza kazi ya kuficha. Mnajua kazi hiyo ilivyo nzito? Alinunua mafuta ya kuchua, akayapaka asubuhi, kisha akajipulizia manukato ili yasinuke. Aliondoa viti, akaleta vigoda, wateja wakae chini kabisa asipate kunyanyua mkono.

"Ndiyo mtindo mpya," akawaambia. "Migongo yenu itanishukuru."

Walicheka, wakakaa. Lakini bega halikudanganyika. Rasta zilianza kulegea upande mmoja. Kazi ya asubuhi ikawa ya mpaka jioni. Mwisho hata nywele zake mwenyewe hakuweza kuzichana, akawa anafunga kilemba.

"Mbona unajifunikafunika siku hizi?" mteja mmoja akamchokoza. "Au ndiyo mganga hajigangi?"

Msusi akacheka pamoja na wengine.

Kilichomrudisha hospitali kilikuwa kitu kidogo. Jumuiya ilikuwa imekutana, wakasimama kuanza sala. Akanyanyua mkono kufanya ishara ya msalaba, nao ukafika kifuani ukagoma. Ilibidi ainamishe kichwa, paji la uso lifuate vidole. Hakuna aliyemwona, maana wote walikuwa wamefumba macho. Lakini yeye aliona. Kesho yake alikwenda, akapita mbele ya benchi akitazama sakafu, akaingia.

Yule dada wa fiziotherapia alivuta pazia kwanza, ndipo akamsalimia. Akaushika mkono, akaupeleka polepole mpaka ulipogoma.

"Lilikuanza lini?"

Msusi akamwambia.

"Daktari hakukuambia uje?"

"Aliniambia."

Dada hakumgombeza. "Litarudi," alisema, "lakini taratibu, na kwa maumivu ambayo usingeyapata ungekuja siku ile. Huenda lisifike juu kama zamani. Tuanze."

Wakaanza. Baada ya muda, ulimi wa msusi ukatafuta kazi yake. "Yule mama wa duka la vyombo, bado anakuja?"

"Hapa tunazungumza habari za bega lako, dada."

"Namfahamu, ni rafiki yangu. Niambie tu, nimwombee."

"Basi mwombee," akasema yule dada. "Mungu anamjua bila mimi kumtaja."

Msusi alitazama lile pazia. Wakati wote aliokuwa akipaka mafuta na kubadilisha viti, aliogopa maneno yatapita hapo. Hakuna neno lililokuwa limepita hapo.

Siku hiyo hakurudi saluni. Alikwenda moja kwa moja dukani. Yule mama alikuwa nyuma ya sufuria zake, amekaa. Siku hizi alikaa zaidi. Msusi akasema lililompeleka: kwamba alikosa, kwamba alidhani anaomba. Akaeleza na habari ya bega, jinsi alivyokimbia korido kwa hofu.

Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuwa nimebakiza kidogo nipone," akasema. "Nilipoacha kwenda, yote yakarudi. Mimi nilikuogopa wewe." Akamtazama. "Wewe ulikuwa unamwogopa nani?"

Ndugu zangu, swali hilo ni letu pia. Mnalo jibu?

Kwenye ile korido hapakuwa na mtu aliyemsema. Sauti aliyoisikia kichwani ilikuwa yake mwenyewe. Aliwapima wote kwa kinywa chake, na kipimo hicho kikamgharimu bega.

Sisi tunapenda kuombeana, na ni vema. Lakini tujiulize, tunapomweleza Mungu duka lilipo, na kona ipi, na ugonjwa upi, tunamweleza nani? Tangu lini Mungu akahitaji kuelekezwa nyumba ya mtu? Na baadaye tunashangaa kwamba watu wetu wanafika hospitali wamechelewa, mtoto wa mguu uliopinda akiwa amekwisha kukomaa mifupa, baba aliyepooza akiwa amekwisha kukakamaa. Tunasema hawana elimu. Wengine wanayo. Wanachokosa ni njia ya kupita isiyo na sisi.

Nanyi mko hapa, mliokalia maumivu. Mmoja ameinua mkono mmoja tu wakati wa wimbo. Sitamtazama. Ndugu, nenda kesho asubuhi, usingoje tujirekebishe sisi kwanza, kwa maana kiungo hakingoji. Wanaokutibu wamefunzwa kufunga vinywa, na ukiona mmoja wao amekifungua, una haki ya kumshtaki.

Sisi wengine tuna zoezi letu, nalo tuanze leo. Leo maombi yatakuwa ya kimya. Kila mmoja ana mtu wake moyoni, ambaye Mungu anamjua. Na kesho tukikutana na mmoja wetu kwenye njia ya hospitali, tutamwamkia, tutampisha apite, na hatutageuka kutazama anaingia mlango gani.