Pikapu Iliyoachwa kwa Mkwe

"Mwenye haya gerejini hulia mlimani." Mmeisikia, mmecheka. Wakubwa wenu nao hucheka, kisha wakipita mbele ya gereji hugeuza shingo kama hawaoni kinachofanyika mle. Na wewe pia, usijifiche nyuma ya mwenzako. Mmeuliza ilitoka wapi. Kaeni basi. Methali hii ilianza kwa kilio.

Mzee Shekiondo wa kule juu Usambara alikuwa na pikapu kuukuu. Siku za soko ilibeba kabichi, na siku yoyote ilibeba wagonjwa, maana kijiji hakikuwa na gari jingine. Klachi ikaanza kuteleza. Akaishusha mjini kwa fundi Hoza, mume wa binti yake Mwantumu.

Desturi ya gereji zetu mnaijua: ukipeleka gari, unakaa nalo. Unaketi juu ya tairi bovu, jua linakupiga, macho kwenye mikono ya fundi mpaka boneti lifungwe. Shekiondo naye aliketi. Hoza akachomoza kichwa kutoka chini ya gari, akacheka mbele za watu.

"Ah, baba mkwe! Leo unanichunga mie kama mwizi wa kuku? Binti umenipa, gari waniogopea?"

Gereji nzima ikaangua kicheko. Mzee akaona haya. Kwetu mkwe hachungwi. Akajikung'uta suruali, akaenda zake kunywa kahawa.

Alipotoka tu, Hoza akaifungua masta ya breki, ile pampu inayosukuma mafuta kwenye magurudumu. Ilikuwa nzima kabisa. Akaifunga kwenye gari la mteja mwingine mwenye haraka, na kwenye pikapu ya mzee akaweka kuukuu iliyochoka. Mafundi wenzake waliona. Wateja kwenye benchi waliona. Mmoja akasema, "Mambo ya ukoo hayo, tuyaache," wakaendelea na bao lao.

Mzee akaichukua pikapu yake bila kujua, akarudi nayo kijijini. Mwantumu alikuwa amerudi huko kwa mama yake, kama ilivyo ada ya mimba ya kwanza. Uchungu ukambana. Wazazi wake wakampandisha pikapu kumpeleka hospitali. Katikati ya mteremko, kanyagio la breki likazama hadi sakafuni. Mzee akaona bora aligongeshe gari kwenye ukuta wa mlima kuliko litumbukie bondeni. Yeye na mkewe walitoka hai. Mwantumu na mtoto wake hawakutoka.

Msibani Hoza alianguka miguuni pa mzee. "Baba, nilibadilisha masta. Ningejua atapanda yeye, wallahi nisingeigusa."

Mzee akamtazama. "Na kama angepanda mtoto wa mwenzio?"

Mzee akawageukia walioketi mkekani, na wale wa benchi walikuwamo. "Haya yangu ya gerejini nimeililia mlimani," akasema. "Nyinyi mliona. Ya kwenu mtaililia wapi?"

Wakainamisha vichwa. Hivyo ndivyo walivyojua kufanya, kuinama.

Asubuhi hii gari la zahanati yetu limeingizwa gereji. Dereva kaambiwa aende nyumbani, ataitwa. Kaenda! Nani amekaa nalo? Hakuna. Sasa msinikodolee macho mimi. Inukeni, mkaketi mbele ya mikono ile, na mkiona, semeni kwa sauti. Wakiwacheka, wacheni wacheke. Mwenye haya gerejini hulia mlimani. Nendeni, sasa hivi!