Kuro Aliyemnunua Mbuzi Mawe

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni. Wadogo mbele, wakubwa nyuma, na anayesinzia amtegemee mwenzake, maana hii si hadithi ya kucheka.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mchezo wao, aliishi Kuro. Kuro ni yule mnyama wa manyoya marefu anayependa kukaa karibu na maji. Huyu alikuwa jike, mkubwa wa bonde zima. Akisema twende, waliondoka. Akisema tukae, walikaa.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Kila upande ulikuwa na kapu lake la ukindu lisilo na kitako, limefungwa juu, kwenye tawi la mgunga. Mchezaji alidunda tufe la utomvu, du, du, du, kisha akaruka na kulitumbukiza. Pwa! Kila mwaka, kiangazi kilipoanza kung'ata, wa bondeni walishindana na wa kilimani. Mto ulikuwa umekauka, limebaki dimbwi moja. Walioshinda walikunywa kwanza, mpaka mvua inyeshe. Walioshindwa walisubiri, wakanywa tope.

Wa bondeni walikunywa tope miaka nenda miaka rudi. Kuro alikunywa tope akiwa ndama, akanywa tope akiwa mwali, akanywa tope akiwa mama. Sasa meno yalikuwa yanamlegea. Akasema moyoni, sifi kabla sijanywa maji maangavu.

Kule kilimani alikuwako Mbuzi Mawe. Ukimwona utamdharau. Mdogo, mkimya, amesimama kwa ncha za kwato kama anayeogopa kukanyaga ardhi. Lakini akiruka, ruuu! Hata ndege walimpisha.

Kuro akapanda kilima, akaenda kwa Nyani, mkuu wa kule. Akamwambia anamtaka Mbuzi Mawe. Nyani alijikuna ubavu, akatazama mawingu, akajifanya anaumia. Kisha akataja bei yake. Nusu ya chumvi ya bonde, ile wanyama wanayoilamba ili maziwa yawe mazito. Mtoto wa kwanza kuzaliwa masika yajayo, na wa kwanza wa masika yatakayofuata, waje kukua kilimani na kuchezea kilima. Tena Ngiri, mlinzi wa kapu la bondeni.

Kuro akasema atafikiri.

Huyo Ngiri alikuwa nani kwake? Simba alipomchukua mume wa Kuro, Ngiri ndiye aliyekaa naye mpaka machozi yakakauka. Katika mchezo alikaa chini ya kapu lao, na kila aliyekuja alikutana na kifua chake. Hakuwa na sifa. Alikuwa na alama za kwato za wachezaji mwili mzima.

Basi Kuro akarudi, akamwomba Ngiri ushauri. Akamweleza habari ya chumvi. Akamweleza habari ya watoto. Habari ya Ngiri mwenyewe akaimeza.

Ngiri akachimba chini kwa pua, akafikiri, akasema, "Miguu yake utaipata. Umemuuliza moyo wake unakaa wapi?"

Kuro akaona neno hilo ni la haki. Akapanda tena kilima, akamuuliza Mbuzi Mawe mwenyewe. Naye hakumficha.

"Mama," alisema, "nimekula yamini kucheza huku mpaka mvua ya kwanza. Nikipelekwa kwako, nitakuchezea wewe mpaka mvua ya kwanza. Baada ya hapo naenda kwetu, kwenye majabali ya mashariki. Mke wangu yuko huko, na miguu yangu ni ya mawe. Nakwambia leo, usije ukasema nilikudanganya."

Mnaona, wanangu? Nyani alikuwa anauza kitu kilichokwisha kushika njia. Na Kuro alisikia. Alisikia kwa masikio yake mawili. Lakini akajiambia, huyu hajaonja majani yetu. Akionja, atasahau mawe.

Akawaita majike wa bonde, akawauliza juu ya watoto. Wakati ule hakuna aliyekuwa na mimba. Wakatazamana, wakaona wanaombwa kutoa kitu ambacho hakipo. Asiyezaliwa halii. Wakakubali. Na Sikudhani, binti pekee wa Kuro, naye akakubali.

Siku ya kubadilishana ikafika. Nyani akashuka na Mbuzi Mawe, wa bondeni wakatoa chumvi. Kisha Nyani akamnyooshea Ngiri kidole. Ngiri akageuka, akamtazama Kuro.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile nilipokuja kukuuliza," Kuro akasema.

Ngiri akienda mbio, mkia wake husimama wima kama mlingoti. Siku ile alipanda kilima polepole, na mkia ulikuwa chini.

Basi Mbuzi Mawe akakaa bondeni. Wakamletea majani mororo. Akala, akashukuru. Wakamtandikia nyasi laini. Akalala, akashukuru. Lakini bondeni ni tope, na tope halikwaruzi. Kwato zake hazikupata jiwe la kuzisugua, zikarefuka, zikapinda, zikaanza kumuuma. Siku moja alicheza, siku ya pili alipumzika. Wenzake wakanung'unika. Walisema wamemtolea mgeni chumvi ya watoto wao, naye amelala kivulini. Kuro akawanyamazisha.

Kila jioni Mbuzi Mawe aligeukia mashariki na kuimba taratibu:

*Jiwe langu, jiwe baridi,*
*nani amekukalia?*
*Naja, usipate moto,*
*naja, nisubirie.*

Watoto wa bonde wakaushika wimbo ule, wakauimba wakicheza. Kuro akawakataza.

Kiangazi kikang'ata. Siku ya mashindano ikafika. Mbuzi Mawe aliingia uwanjani akichechemea. Tufe likadundwa, du, du, du. Wa kilimani wakatumbukiza, pwa! Naye akaruka, ruuu, pwa! Wakatumbukiza, akatumbukiza. Jua likazama nusu, wako sawasawa. Wakambana watatu, wakamwegemea. Akaruka juu yao, juu, juu, mpaka wakaona tumbo lake jeupe. Akaliachia tufe. Likagonga ukingo wa kapu, tu. Likagonga tena, tu. Likakaa pale kama linalofikiri. Likaingia.

Pwa.

Bonde zima likalia kwa furaha. Mwaka ule Kuro alikunywa maji maangavu, akaona uso wake ndani yake, akashangaa jinsi alivyozeeka. Alikuwa na furaha. Msimwambie mtu kwamba hakuwa na furaha.

Kisha mvua ya kwanza ikanyesha.

Asubuhi Mbuzi Mawe akaja kuaga. Kuro akamwahidi chumvi yote iliyobaki. Akamwahidi kuleta mawe bondeni, jiwe kwa jiwe, mpaka pawe kilima. Mbuzi Mawe akamsikiliza mpaka akamaliza.

"Mama, nilikwambia."

"Uliniambia," Kuro akasema.

Akaenda zake mashariki, akichechemea. Hakugeuka nyuma. Hakuwa mwovu. Alilipa alichoahidi, na zaidi ya hapo hakuahidi kitu.

Masika yakaja. Chumvi ilikuwa nusu, na maziwa ya majike yakawa mepesi kama maji. Wakangoja kuona ni nani atakayezaa kwanza. Kila mmoja aliomba asiwe yeye. Na aliyezaa kwanza alikuwa Sikudhani. Mtoto wa kiume, miguu mirefu, masikio makubwa kuliko kichwa.

Alipoachishwa kunyonya, Nyani akashuka. Kuro akapiga magoti mbele yake. Akampa chumvi, akakataa. Akampa majani ya mwaka mzima, akakataa. Akajitoa yeye mwenyewe, mifupa yake na uzee wake. Nyani akamtazama mtoto miguu, akasema mapatano ni mapatano.

Sikudhani hakulia mbele ya Nyani. Alimlamba mtoto kichwani, mgongoni, kwenye kila kwato, akamwachia. Walipotoweka, akamgeukia mama yake.

"Ulimuuza kabla hujamwona," akasema.

Tangu siku ile alilisha upande mwingine wa bonde. Kuro akimwita, aliitika kwa heshima, akaja, akafanya alichoambiwa, akarudi upande wake. Masika yaliyofuata jike mwingine ndiye aliyezaa kwanza, naye mtoto wake akachukuliwa. Na mashindano wakashindwa, wakashindwa tena.

Miaka ikapita. Siku moja ya mashindano Kuro alikuwa amelala pembeni ya uwanja, macho yamefifia. Akasikia shangwe, akainua kichwa. Kuro kijana wa kilimani alikuwa ameruka, tufe limeingia, na wote wanaimba jina ambalo bondeni halijulikani. Mchezo ulipokwisha, kijana akapita karibu, pamoja na Ngiri mzee, mvi tupu, pembe moja imekatika. Ngiri ndiye aliyemlea.

Ngiri akamwona Kuro. Akasimama. Wakatazamana kitambo.

Ngiri akamwambia kijana, "Msalimie bibi."

Kijana akainamisha kichwa, kama mtoto aliyelelewa vizuri anavyowasalimu wazee wote. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu," Kuro akasema.

Na kijana hakushtuka, kwa maana kila bibi humwita kila mtoto mjukuu wangu. Akaaga. Wakapanda kilima, yeye na Ngiri, na Kuro akawatazama mpaka macho yakashindwa.

Basi, ninyi mlionisikiliza, shikeni hili. Anayekwambia mapema kwamba hatakaa, mwamini. Na usilipie furaha ya leo kwa mtoto wa kesho, maana kesho huja na sura yake, nawe utaitambua.

Hadithi yangu imekomea hapo, palipokomea nguvu za macho ya Kuro. Aliyeisikia aibebe taratibu.