Kwa Nini Ute wa Gogoni Haukai na Sura Moja

Mnisamehe mapema, maana hii nitaiharibu. Kisa hiki kinataka msimulizi mwenye pua ndogo, nanyi mmepewa mimi.

Zamani hizo, milima ya Usambara ilipokuwa bado haijazoea majina yake, ute wa gogoni ulikuwa wa manjano mwaka mzima, umetulia juu ya gogo bovu kando ya njia kama uji uliomwagika. Viumbe vyote vilipewa majina na Singano. Desturi ilimtaka apige magoti, akisalimie kiumbe, akitazame vizuri, ndipo akiite. Kisha wazee walikuja kuhakikisha. Jina lisipofanana na mwenyewe, Singano angenyang'anywa kigoda cha kutoa majina, na hakuwa na kazi nyingine aliyoiweza. Hata mkewe, Namkunda, alikiri hivyo.

Siku alipofika kwenye gogo, Singano alikuwa ameshiba, magoti hayataki kukunjwa. Akasema amesimama, muwa mdomoni: "Haya ni matapishi ya mbwa." Akapita zake.

Ute ulisikia. Wazee walipokuja, hapakuwa na matapishi. Gogo lilikuwa limevaa shanga za waridi. Singano akajitetea kwamba hata yeye alimaanisha shanga. Waliporudi tena, shanga zilikuwa ugoro wa kahawia. Wazee wakacheka mpaka wakashikana mabega, huku wakikitupia jicho kile kigoda kama watu wanaomfikiria mkaaji mwingine.

Namkunda akamvuta pembeni. "Mume wangu, hivi uliusalimia?"

Singano akapiga magoti, akainama mpaka pua ikagusa gogo. "Shikamoo, mwenye gogo. Nisamehe." Ugoro ukampanda puani. Akapiga chafya, vumbi likaruka msitu mzima. Kila lilipotua kwenye mti uliooza, ute wa manjano ukaanza kutambaa, ukatoa shanga, nazo shanga zikawa vumbi. Singano hakuinuka mpaka alipoyaona yote.

"Ni mmoja huyu," akawaambia wazee. "Ute wa gogoni, pamoja na nguo zake zote."

Wakaenda kutazama, wakainama nao, wakamwachia kigoda chake.

Na tangu siku hiyo ute wa gogoni hutambaa na kubadili sura, na anayetaka kuujua huinama, hutazama, kisha hurudi kutazama tena. Ukiukuta hata kwenye kuni za jikoni kwako, usimlaumu Singano. Yeye alipiga chafya moja tu. Chafya zilizobaki zote ni za pua hii yangu kubwa.