Guruguru Alivyotazama Jicho la Tatu

Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo.
Na vicheko?
— Vimekaa shavuni.
Basi tegeni hayo, vishikeni hivyo, nianze.

Palikuwa na ukuta wa mawe, na katika nyufa zake waliishi buibui wadogo wa koo mbili: ukoo wa Kulabu na ukoo wa Uma. Ukiwatazama hawa, ukiwatazama wale, huoni tofauti. Macho manane huku, macho manane kule. Michirizi mgongoni huku, michirizi kule. Tofauti yao ilikuwa ndogo mno. Dume ana vijikono viwili karibu na mdomo. Dume la Kulabu, ncha ya kijikono imepinda kama ndoana. Dume la Uma, ncha imegawanyika kama uma. Jike naye ana alama yake chini ya tumbo, lakini mwanamke mwenye heshima hamwonyeshi kila mpita njia tumbo lake.

Na Kulabu walikuwa watamu. Uma walikuwa wachungu kama shubiri.

Akahamia pale Guruguru, mjusi mnene, mlafi. Akala Kulabu, nyam. Akala Kulabu, nyam. Akala Uma. Tumbo likaanza: koro-koro-koro. Alilala shimoni akimwita mama yake. Alipopona akasema, "Kula sitaacha. Ila sasa nitamjua ninayemla."

Akamkamata Bi Mize, jike wa Kulabu aliyekuwa akilinda kifuko chake cha mayai. Akambana chini ya ukucha.

"Bibi, wewe mtamu au mchungu?"

Bi Mize akawaza. Akisema mtamu, ataliwa. Akisema mchungu, nani atamwamini? Akayatazama mayai yake, akashusha pumzi.

"Bwana Guruguru, sijui. Tumbo langu sijapata kuliona. Shingo sina."

"Nani ajuaye?"

"Anayetazama vizuri. Tofauti iko machoni. Jicho la tatu la Kulabu limezubaa, la Uma limechangamka. Ila huwezi kulijua lililozubaa mpaka uliweke karibu na lililochangamka. Ngoja niwaite wenzangu wapite puani pako, polepole. Wewe usitikisike, na mdomo ufumbe, wasiogope."

Guruguru akafumba mdomo. Bi Mize akaita. Kulabu wakaja, na Uma pia wakaja, maana uchungu haumfufui aliyekwisha kutafunwa.

Sasa, buibui hapiti mahali bila kuacha uzi. Wa kwanza akapita puani, tiki-tiki-tiki.

"Huyu?" akauliza Guruguru kwa pembe ya mdomo.

"Tazama jicho la tatu, bwana."

Wa pili akapita, tiki-tiki-tiki, akazunguka kidevu.

"Huwyu?"

"Hilo ulilotazama ni la nne. Anza upya."

Akapita mwingine, na mwingine, wakashuka shingoni, wakazunguka miguu, wakarudi puani. Guruguru alikodoa hadi macho yake yakatazamana.

"Hm-hu?"

"Karibu utajua, bwana. Vumilia."

"Mm?"

"Vumilia."

"Mmmm."

Guruguru alipoguna hivyo, Bi Mize akajichomoa taratibu chini ya ukucha. Ukucha haukusogea. Mguu haukusogea. Guruguru mzima alikuwa ameviringishwa kama mkate uliosahauliwa kwenye kitambaa.

Bi Mize akaketi juu ya pua yake. "Sasa nikwambie kweli, maana elimu haifai kufichwa. Macho yetu yote ni sawa. Tazama vijikono vya dume: vilivyopinda ni vya mtamu, vilivyogawanyika ni vya mchungu. Na mimi ni mtamu, bwana. Marehemu mume wangu alikuwa mtamu zaidi. Wewe unajua, ulimla."

Guruguru alijibu, lakini hakuna aliyemwelewa.

Alijisugua mchangani kutwa nzima, nyuzi zikakatika pamoja na ngozi yake kidogo, akaondoka bila kuaga. Siku hizi anakula panzi. Bi Mize mayai yake yalianguliwa, na watoto wakajaa ukutani, wote wakifanana.

Basi wanangu, funzo ni hili: chakula hakichunguzwi. Ukiwekewa sahani, kula, tumbo litakujulisha. Na ukitaka kujua ukoo wa mtu, muulize mwenyewe, kwa maana hakuna anayedanganya akiwa amebanwa.

Ngano nimeitua. Aliyeipenda ajitwike, aliyechoka ailalie.